Spoti kwenye pikipiki: zinaokoa au zinapofusha?

MpandaUsiku
Wakuu habari za usiku, naomba tujadili hili bila matusi. Juzi narudi saa nne usiku, njia haina taa hata moja, na taa yangu ya kampuni (ile iliyokuja na pikipiki) ni wati 35, ukiweka dimu, yaani mwanga wa chini, unaona tairi lako na mita chache mbele basi. Nikakuta kifusi cha mchanga kimemwagwa nusu ya njia, hakuna alama wala nini, nimekiona kikiwa chini ya pua, nikakwepa lakini buti la kushoto lilipita linachota mchanga. Sasa nimeamua kufunga spoti, yaani taa za ziada za kumulika mbele, mbili za LED kwenye gadi (vyuma vya kinga vya mbele). Kuna jamaa yangu, na yeye ni mpanda pikipiki, anasema hizo taa zingepigwa marufuku kabisa maana zinapofusha watu. Nyie mnasemaje, marufuku au mtu aachwe afunge?

Tairi Kipara
Punguza mwendo mkuu. Waliotengeneza hiyo pikipiki na taa moja wana akili kuliko mimi na wewe. Na kama kifusi kizima hukioni kapime macho kwanza ndo uje na habari za spoti.

Dada Klachi
Hizi kauli za "kapime macho" ndo zinanichosha. Mimi navaa miwani tangu niko mdogo, nimepima macho mara nyingi kuliko wewe ulivyobadilisha oili, na bado usiku wa mvua na viza (kioo cha helmeti) yenye mikwaruzo kila taa inayokuja inakuwa kama jua limepasuka. Siyo kila asiyeona ni kipofu, giza ni giza.

Tairi Kipara
Kwa hiyo unaendesha na viza ina mikwaruzo halafu lawama kwa taa?

Dada Klachi
Wapi nimelaumu taa? Soma tena, taratibu, kama unavyotuambia tuendeshe.

Mzee wa Gia
Hahaha huyo kakupata. Lakini vijana turudi kwenye swali. Mtu akienda 80 kwa saa anakula mita 22 kila sekunde. Mpaka ubongo ushtuke na mkono ufike kwenye breki sekunde moja na nusu imeenda, hiyo mita 33 hujagusa kitu, halafu weka mita 40 nyingine za breki kwenye lami kavu na tairi zuri (siyo kipara, samahani). Inapita 70. Sasa dimu ya pikipiki ndogo inakuonyesha vizuri mita 40, tuseme 50 kama kioo kisafi. Ina maana kitu ukikiona umeshakigonga, bado mlio tu. Kwa hiyo anayesema punguza mwendo yuko sahihi na anayetaka taa yuko sahihi, hesabu ni moja.

Tairi Kipara
Mzee tairi zangu ni mpya. Jina tu.

Mwana Semi
Mimi niko upande wa magari makubwa, ngoja niwaambie upande msioujua. Mko nyuma yangu na hizo spoti zenu mmezinyanyua, mwanga unaingia kwenye saiti mira zote mbili, mimi nimekaa juu huku naona madoa ya kijani kila ninapotazama. Macho hayarudi hapo hapo, unaendesha sekunde kadhaa kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa. Na anayekuja mbele yangu ni pikipiki nyingine isiyo na taa kabisa. Huyo nikimgonga nani ana kosa? Mimi nasema marufuku, zibaki za shambani.

MpandaUsiku
Yaani semi yenye taa tano juu ya kabini, mbili kwenye bampa, na nyingine za rangi kama harusi, leo ndo inatufundisha kupofusha watu? Mimi nimeshatolewa barabarani na taa zenu zaidi ya mara moja kaka, nikaenda kusimama kwenye majani nasubiri mpite.

Mwana Semi
Za kwangu za juu ni ndogo za kuonyesha kimo cha gari, haziangazi barabara, usichanganye mambo. Na za harusi sina.

Kimulimuli
Mnagombana bure, dawa ni njano. Funga za njano tu. Njano haimuumizi mtu na inapenya ukungu na vumbi, nyeupe inarudi usoni. Hata Ufaransa ilikuwa sheria kila gari taa za njano, mpaka vita vikaja wakawa wanawatambua Wajerumani kwa taa nyeupe.

Fundi wa Giza
Hapo umechanganya kachumbari. Sheria ya njano Ufaransa ilikuwepo kweli, ilianza miaka ya thelathini na ikadumu mpaka 1993 walipojilinganisha na wenzao wa Ulaya. Lakini hiyo ya kutambua Wajerumani ni hadithi za kijiweni, hoja yao ilikuwa kupunguza mng'ao kwa anayekuja mbele. Na kupenya ukungu sahau. Watu wanachukua ile ya anga kuwa bluu, kwamba bluu inatawanyika kuliko nyekundu, wanaibandika kwenye ukungu. Hewa ya angani ni chembe ndogo mno, tone la ukungu ni kubwa mara kumi na zaidi kuliko wimbi la mwanga, linatawanya rangi zote karibu sawa. Ukungu hauchagui rangi.

Kimulimuli
Sasa kwa nini taa za ukungu zinauzwa njano?

Fundi wa Giza
Na nyeupe zipo. Kanuni namba 19 ya Umoja wa Mataifa ya taa za ukungu inakubali zote mbili. Kinachoifanya taa ya ukungu ifanye kazi ni kufungwa chini, mwanga mpana uliokatwa juu usipande. Chukua njano yako ifunge juu ya usukani ikitazama mbele tupu kwenye ukungu uone kama hujajijengea ukuta mbele ya uso.

Kimulimuli
Mimi nimeendesha na njano miaka sita na naona. Vitabu viache.

Dada Klachi
Kimulimuli kuna kitu hapo lakini. Macho yangu yanapumzika zaidi na njano, nyeupe ile ya kuelekea bluu inaniuma. Sisemi inapenya, nasema inaniuma kidogo. Hivyo ni vitu viwili.

Kimulimuli
Asante dada. Wewe peke yako ndo una busara hapa.

Fundi wa Giza
Hicho alichosema sijakikataa popote. Niliyoikataa ni kupenya.

Fyuzi Kumi
Rangi rangi rangi, na hakuna aliyemwuliza kijana pikipiki yake inazalisha umeme kiasi gani! Mimi nilifunga mbili za halojeni za wati 55, jumla 110, kwa volti 12 hiyo ni ampea 9 na ushee. Betri yangu ilikuwa ndogo, ya 5Ah. Magneti (inayozalisha umeme kwenye injini) haikuweza kulisha yote, kwa hiyo kila safari ya usiku betri ilikuwa inaliwa kimya kimya. Siku moja nimesimama kujisaidia, nimezima injini spoti zinawaka maana niliziunga moja kwa moja, kurudi nabonyeza stata, tk. Tk. Kiki nayo ilikuwa imekatika toka zamani. Nilisukuma mpaka magoti yakaanza kuongea.

Tairi Kipara
Ndo nilichosema, pikipiki imetengenezwa na taa moja.

Fyuzi Kumi
Hukusema hivyo, ulisema akapime macho. Na mimi sasa hivi nina spoti na sina shida, LED mbili za wati 20, jumla ampea tatu na kitu. Tatizo ni kuunga. Waya mnene utoke betri, fyuzi ikae karibu kabisa na betri siyo kule mbele, uingie pini namba 30 ya rilei (kiswichi kinachowashwa kwa umeme), 87 iende kwenye taa, 85 ethi, halafu 86 ichukue umeme kwenye waya wa fulu (mwanga wa juu). Ukipiga fulu spoti zinawaka, ukishusha dimu zinazima zenyewe. Mwana Semi hapo una malalamiko gani tena?

Mwana Semi
Wakifanya hivyo sina. Ila niambie ni wangapi wanafanya. Wengi wana swichi ya pembeni, wanaiwasha wakitoka nyumbani wanaizima wakifika.

MpandaUsiku
Fyuzi Kumi mkuu nina swali. Yangu taa ya mbele inang'aa zaidi nikiongeza moto na ikiwa sailensa (injini inawaka bila kuongezwa moto) inafifia. Hiyo waya ya fulu itafaa kweli?

Fyuzi Kumi
Aa, hiyo kuna uwezekano taa yako inakula moto wa magneti moja kwa moja, haipiti betri. Ukiipeleka kwenye 86 rilei inalia kama nyigu kwenye kopo, inafunga na kufungua. Washa taa ukiwa umezima injini na ufunguo uko oni, isipowaka ujue ndo hiyo. Itabidi uchukue umeme wa swichi kwenye waya mwingine wa betri unaokuja na ufunguo, na kuzima itakuwa kwa mkono wako. Na usikubali waya usokotwe uzungushiwe tepu nyeusi tu. Mvua ya kwanza tepu inaachia, waya unasugua kwenye chasisi, ndo unaona moshi chini ya tanki.

Mzee wa Gia
Tanki la petroli kijana, siyo la maji.

Na niongeze moja kabla hamjarudi kwenye rangi. Pikipiki ukipakia mtu nyuma inakaa kitako, pua inapanda, ile dimu yako ya halali inageuka kuwa fulu. Nusu ya wanaolalamikiwa kupofusha watu hawana hata spoti. Kabla ya kununua chochote tafuta ukuta, simama mita 10, mtu wako wa nyuma akae, mtu mwingine aishike pikipiki wima. Pima taa ipo kimo gani toka chini, kama ni sentimita 80 basi ukomo wa juu wa dimu pale ukutani uwe kama 70. Spoti nazo hivyo hivyo. Na msizielekeze karibu sana na tairi, ukimulika hapo mbele ya gurudumu kukawa kweupe mboni inajikunja na mbali ndo huoni kabisa. Unajisikia salama kumbe umefungwa macho.

Kimulimuli
Ndo maana njano.

Fundi wa Giza
Nashuka kituo hiki.

MpandaUsiku
Wakuu nimerudi. Nimefanya ya Mzee, nimeegesha mbele ya ukuta na mdogo wangu kakaa nyuma. Dimu ilikuwa inapiga sentimita 30 JUU ya kimo cha taa. Yaani muda wote nilikuwa namulika ndege. Bolti ya kushushia ilikuwa imeshika kutu, nimeimwagia oili nikaenda kunywa chai nikarudi ikalegea. Usiku nimetoka nayo, lami inaonekana tofauti kabisa. Ila spoti nanunua vilevile, kwenye barabara ya vumbi haitoshi.

Mwana Semi
Nunua, funga chini, zima ukiniona. Tusigombane.

Dada Klachi
Kwa hiyo marufuku imeisha? Asubuhi ulitaka zibaki za shambani.

Mwana Semi
Dada mimi nimesema kwa huyu. Wengine bado.

Tairi Kipara
Jamani swali dogo tu, siyo kwa ajili yangu. Mtu akiwa anaona duara la rangi kuzunguka kila taa usiku, na mistari inatoka kama nyota, tatizo ni hizi LED za siku hizi au?

Dada Klachi
Mwambie huyo mtu avue helmeti aitazame taa ile ile bila viza. Duara likipotea anunue viza mpya.

Tairi Kipara
Lisipopotea?

Dada Klachi
😂😂😂

Mzee wa Gia
Mwambie basi dada, usimcheke.