Mrejesho: nyumba ya Mbagala yenye hati ya jina la mume tu
Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama naweza kununua nyumba ambayo hati ina jina la mume peke yake, na mke anayeishi humo hajasaini. Mliniambia nisitoe hata shilingi, na mlikuwa sahihi. Wakili alinionyesha kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Upekuzi kwa Msajili wa Hati ukaibua jingine, rehani ya benki ambayo haijafutwa. Mama mwenyewe nilimkuta anaanua nguo, hajui kabisa kuwa nyumba inauzwa. Iliniuma sana. Dalali bado ananipigia. Nimeshamkatalia, natafuta kwingine. Asanteni mno.