Naomba ushauri: mtaro ulioachwa wazi na wajibu wa taasisi ya umma

Habari zenu wakuu. Hapa Moshi taasisi moja ya umma ilichimba mtaro mbele ya duka la mama, ikaondoka bila kuufunika wala kuweka hata utepe. Mvua ikaujaza maji ya matope, usiku mama akatumbukia, nyonga ikavunjika. Tumepeleka barua na picha. Tumejibiwa bajeti haikutosha.

Nimesoma kesi ya Gorringe ya Uingereza, 2004: mamlaka haikuwajibika kwa kutochora onyo barabarani. Lakini hawa hatari wameileta wenyewe! Notisi ya siku 90 kabla ya kuishtaki Serikali naifahamu.

Wanasheria, je, mahakama zetu hutofautisha kutotenda na kusababisha hatari? Na hoja ya bajeti inaweza kusimama kweli?