Mji mkuu wa Wahiti kwa Kiingereza: Hattusa, Hattusha au Hattusas?

Hoja. Mji huu wa Wahiti, taifa la kale lililotawala sehemu ya Uturuki ya leo, ambao magofu yake yako Boğazkale, mkoa wa Çorum nchini Uturuki, unaandikwa kwa Kiingereza kila mtu na lake. Napendekeza tushike Hattusha. Ndivyo UNESCO ilivyouandika ilipouingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1986. Isitoshe, wataalamu wakinukuu mabamba ya udongo huandika Ḫattuša, na hiyo š husomwa "sh".

Napinga. Hiyo š inaonyesha alama iliyochorwa, si sauti iliyotamkwa. Wahiti waliazima mwandiko wa kikabari (alama zilizobonyezwa kwenye udongo) uliokuwa wa Waakadi wa Mesopotamia, wakatumia alama za š na kuziacha karibu zote za s. Ushahidi wa matamshi tuutafute nje. Katika mkataba wa mnamo 1259 KK, Farao Ramesses II alipopatana na Hattusili III, mfalme wa Wahiti, Wamisri waliliandika jina la mfalme huyo kwa s yao, ingawa alama ya "sh" walikuwa nayo. Jina la mfalme limetokana na jina la mji. Basi Hattusa ndiyo iliyo karibu zaidi na midomo ya wenyewe, na ndiyo iliyoenea katika Kiingereza cha leo.

Nyongeza kuhusu Hattusas. Msishangae kuikuta katika vitabu vya zamani. Ile s ya mwisho ni kiambishi cha kiima: mji ukiwa kiima cha sentensi ni Ḫattušaš, lakini "huko mjini" ni Ḫattuši. Kiingereza cha sasa huchukua shina peke yake. Kosa ninaloliona zaidi ni kuchanganya: mtu anaandika Hattusas, kisha majina ya wafalme anayaandika Mursili na Suppiluliuma. Akitaka umbo la kiima, aandike pia Mursilis na Suppiluliumas, tangu mwanzo hadi faharasa.

Mleta hoja. Hoja ya Wamisri ni nzito, naipokea. Lakini mgeni anayefika Boğazkale na kitabu cha Kiingereza anatafuta jina aliloliona kwenye orodha ya UNESCO. Tukiandika Hattusa tunampoteza.

Jibu. Hapotei ukimwandikia majina yote mawili mara ya kwanza, kisha ukaendelea na moja. Jina rasmi la orodha linukuliwe lilivyo. Na ukishika Hattusha, ndugu yangu, ushike pia Hattushili, Murshili na Shuppiluliuma. Wengi wanaotetea "sh" ya mji huwaandika wafalme kwa s, na hapo ndipo msimamo unapovunjika.

Upande wa uchapaji. Ukitumia umbo la kitaalamu, Ḫ ina kikombe chini (namba yake ya Unicode, yaani ya herufi za kompyuta, ni U+1E2A; ndogo ni U+1E2B). Wengi huweka ḥ yenye nukta, U+1E25, ambayo ni herufi nyingine. Vilevile š (U+0161) si ş ya Kituruki (U+015F). Kikombe kikiongezwa kama alama ya pekee baada ya H, U+032E, jicho halioni tofauti, ila baadhi ya programu za kutafuta hazitalipata neno. Tafuteni faili zima kabla ya kuchapa, na katika faharasa wekeni pia umbo lisilo na alama.

Kuhusu Boğazköy. Hili ni jina la zamani la kijiji chenyewe. Msilibadilishe ndani ya marejeo: mfululizo wa matini za Kihiti ujulikanao kama KBo (Keilschrifttexte aus Boghazköi) unalibeba, na mabamba ya udongo yaliyopatikana hapo yaliingia Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa jina hilo.

Kwa wanaotafsiri kuja Kiswahili. Sisi "sa" na "sha" hatuzichanganyi, kwa hiyo Hattusha itasomwa kwa "sh" bila shaka yoyote. Hiyo kwangu inatosha kuikataa. Na t mbili zibaki, kwa sababu katika kikabari cha Kihiti t moja na t mbili katikati ya irabu hazikuwa sauti ileile. Wahiti tuwaache na t yao moja. Jina hilo limeshazoeleka kwa Uria Mhiti wa Biblia.

Mleta hoja. Kwa matini ya historia nakubali Hattusa. Kwa ramani na vitabu vya watalii bado nashikilia Hattusha, kwa sharti kwamba Hattusa iandikwe kando yake.