Je, kikundi cha kanisa kinaweza kukopesha watu wa nje kwa riba ya asilimia 20?

MwekaHazina_Usharika ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wa usharika wetu wa Kilutheri. Kila wiki tunanunua hisa, tunakopeshana wenyewe kwa wenyewe kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na mzunguko ukiisha tunavunja sanduku, kila mmoja akaondoka na hisa zake pamoja na gawio. Hadi kikao kilichopita hakuna aliyekuwa amelalamika, kwa kuwa tunaamini riba hiyo hurudi mikononi mwa walewale walioilipa.

Katika kikao kilichopita baadhi ya wanachama walipendekeza kwamba fedha zinazolala sandukuni zikopeshwe kwa wafanyabiashara wadogo wa sokoni wasio wanachama, kwa asilimia 20 kwa mwezi, na mkopaji aweke dhamana ya vitu vya ndani. Hoja yao ni kwamba watu hao tayari wanakopa kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku, kwa hiyo sisi tutakuwa nafuu kwao, na tena hakuna anayelazimishwa kukopa. Hapo mama mmoja mtu mzima akasimama, akasema kwamba Biblia inakataza riba yote, na kwamba hata hii ya asilimia 10 tunaitoza kwa sababu tu hakuna mchungaji aliyetuuliza. Kikao kikavunjika bila uamuzi.

Naomba mnisaidie kwa hoja. Mistari tunayo, na tumeshatupiana ya kutosha.

Katekista_Mstaafu amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo.

Nianze na huyo mama, kwa sababu historia iliyo nyuma yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka 22, Walawi 25 na Kumbukumbu la Torati 23 zote zinamkataza Mwisraeli kumtoza ndugu yake faida juu ya mkopo, na katika Nehemia 5 liwali anawakemea wakubwa waliowakopesha wenzao wakati wa njaa hadi wakachukua mashamba yao na watoto wao. Humo inatajwa “sehemu ya mia”, ambayo wafafanuzi wengi huielewa kuwa asilimia 1 kwa mwezi. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uleule uliotuachia Kanuni ya Imani, uliagiza katika kanuni yake ya 17 kwamba kleri, yaani mhudumu wa Kanisa, anayetoza sehemu ya mia aondolewe katika daraja lake. Kiwango kilichowatia aibu maaskofu wa Nikea ni sehemu ya kumi ya kile mnachotozana ninyi kwa ninyi, na sehemu ya ishirini ya kile mnachotaka kumtoza muuza mboga.

Hata hivyo Kanisa halikubaki hapo likirudia neno moja kwa karne zote. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba fedha huisha kwa kutumiwa, kama mvinyo au ngano, na kwamba kuitoza bei yake na kisha bei ya matumizi yake ni kuuza kitu kimoja mara mbili; lakini alikubali kwamba mkopeshaji aliyepata hasara kwa kukopesha anaweza kufidiwa. Mwaka 1462 huko Perugia, Italia, watawa Wafransisko walisaidia kuanzisha mfuko uliowakopesha maskini kwa rehani na kutoza kiasi kidogo cha kulipia watunza daftari na ghala. Baadhi ya watawa Wadominiko waliupinga vikali wakisema riba ni riba hata ikivaa kanzu, na ubishi huo haukutulia hadi Mtaguso wa Tano wa Laterani ulipoikubali mifuko hiyo mwaka 1515.

Kwa ninyi Walutheri, Martin Luther hakuwa mpole kuliko mapapa katika jambo hili: mwaka 1540 aliwaandikia wachungaji akiwahimiza wahubiri dhidi ya watoza riba. Kalvini, mwanamatengenezo wa Geneva, ndiye aliyefungua mlango kwa uwazi zaidi, akitofautisha mfanyabiashara anayekopa ili azalishe na maskini anayekopa ili ale, na hata yeye alikataza kumtoza maskini na hakupenda mtu aifanye riba kuwa kazi yake ya kudumu. Ukisoma mapokeo hayo yote kwa pamoja, swali linalorudi ni nani anakopa na amekwama kiasi gani. Kwa hiyo asilimia 10 kwa mwanachama anayeongeza mtaji inaweza kutetewa kwa shida kidogo. Kumtoza asilimia hiyohiyo yule aliyekopa ili amtoe mtoto hospitali, mimi siwezi kuitetea.

AfisaMikopo_Nakuru amejibu:

Ndugu zangu, nimefanya kazi ya mikopo midogo kwa muda mrefu, na ninaona hatari upande wa pili pia.

Bei ya mkopo haitokani na tamaa peke yake. Mkopo wa shilingi 50,000 unahitaji kuandikwa, kufuatiliwa na kukumbushwa sawasawa na mkopo wa milioni 5, na asipolipa mmoja lazima wengine waifidie hasara hiyo. Sisi Kenya tulijaribu kuishusha bei kwa sheria. Mwezi Septemba 2016 ilianza kutumika sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha msingi cha Benki Kuu. Nia ilikuwa njema na makanisani ilishangiliwa. Kilichofuata ni kwamba benki ziliona afadhali kuikopesha serikali na wateja wakubwa, na mwenye kibanda akaambiwa hana sifa. Mwezi Novemba 2019 kikomo hicho kikaondolewa, lakini kwa wakati huo wateja wengi wadogo walikuwa wameshahamia kwenye mikopo ya simu. M-Shwari, kwa mfano, ilikuwa inatoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Piga hesabu ya mwaka mzima, utaona kwamba aliyefungiwa mlango wa asilimia 14 benki aliingia kwenye asilimia 90 bila mtu kumhubiria.

Ndiyo maana ninasita mtu anaponiambia kwamba upendo wa jirani unadai bei ya chini. Katika Mathayo 25 bwana anamwambia mtumwa mlegevu kwamba angeiweka fedha kwa watoao riba, na hatumsikii akiilaani biashara yao. Uhuru wa watu wazima wawili kupatana bei ni kitu ambacho Mkristo anapaswa kukiheshimu. Kikundi kikiiandika bei yake wazi, kisifiche ada, na mkopaji akaielewa kabla ya kuweka saini, sioni dhambi ilipo.

MuuzaChipsi_Mbagala amejibu:

Shikamoo Katekista. Kaka yangu wa Nakuru, nimekusoma kwa heshima, ila hayo maneno ya “watu wazima wawili” niruhusu niyaeleze kutoka upande wa pili wa meza.

Tuchukue mkopo wa kawaida wa kausha damu: unapewa 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26, jumla 130,000. Wakopeshaji wanaiita asilimia 30. Lakini kwa kuwa unaanza kurejesha siku ya pili, kufika katikati ya mwezi nusu ya fedha yao imesharudi, kwa hiyo kwa wastani umekaa na kama 50,000 tu mkononi na umeilipia 30,000. Riba halisi inakaribia asilimia 60 kwa mwezi. Mimi niliweka saini nikiwa nimeielewa hesabu hiyo vizuri kabisa, kwa sababu ada ya shule ilikuwa inadaiwa asubuhi yake. Kuelewa bei hakukunipa pa kwenda kwingine.

Na bei haikuwa sehemu mbaya zaidi. Niliposhindwa marejesho ya siku kadhaa walikuja vijana na bajaji, wakaingia hadi ndani, wakabeba meko ya gesi, runinga na karai langu kubwa la kukaangia, wanangu wakiwa wamekaa mkekani wanatazama. Karai hilo ndilo lililokuwa linawalipa. Ukimbebea muuza chipsi karai lake, umebeba na marejesho ya kesho.

Baadaye nilisoma Kumbukumbu la Torati 24 nikashangaa jinsi lilivyoandikwa kama kwa ajili ya Mbagala. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ndilo linalomlisha mtu. Mstari wa 10 na wa 11 unamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Anatakiwa asimame nje, na mdaiwa mwenyewe amletee. Nguo ya maskini irudishwe kabla jua halijatua, apate kujifunika. Sheria ya Musa haikumnyima mkopeshaji dhamana, ila ilimsimamisha mlangoni. Hao akina mama wanaotaka dhamana ya vitu vya ndani, wameshakubaliana nani atakwenda kuvibeba?

AfisaMikopo_Nakuru amejibu:

Dada, pole sana. Kuhusu namna ya kudai sina ubishi nawe hata kidogo, na ninaona hapo ndipo sheria ya nchi ina kazi halali zaidi kuliko kwenye kupanga bei. Kanuni za mikopo ya kidijitali za Kenya za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji kumtisha mdaiwa au kuwapigia simu watu waliomo katika orodha yake ya namba ili kumwaibisha, na zimesaidia. Kwenye bei bado nasimama nilipokuwa: ukiwazuia hawa akina mama kukopesha nje, muuza mboga anabaki na kausha damu uleule.

Mwanaushirika amejibu:

Nadhani kuna njia ambayo hamjaigusa, na imewahi kujaribiwa na Mkristo aliyekuwa na tatizo hilihili. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa meya wa vijiji vya Ujerumani katika karne ya 19, Mprotestanti mwenye imani ya dhati. Wakati wa njaa ya 1846 na 1847 aliwakusanya matajiri wachangie unga na mkate kwa maskini, na kwa miaka mingi vyama vyake viliendelea kutegemea wema wa wenye nacho. Polepole aliona kwamba wema wa namna hiyo huchoka. Mwaka 1864 huko Heddesdorf akaanzisha chama ambacho wakopaji wenyewe ni wanachama, kila mmoja akiwajibika kwa deni la mwenzake, na kila mmoja akijulikana kijijini kwa jina na tabia. SACCOS zetu, vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ni wajukuu wa wazo hilo.

Maana yake kwa usharika wenu ni rahisi: mkitaka kumsaidia muuza mboga, mwingizeni kikundini. Anunue hisa hata moja kwa wiki, awe na sauti kikaoni, na wadhamini wake wawe watu badala ya godoro lake. Hoja ya uhuru anayoitetea ndugu wa Nakuru inapata nguvu hapo kuliko kwenye asilimia 20, kwa sababu anayelipa riba anashiriki pia kuipanga. Tena kuna suala la sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma katika madaraja manne, na vikundi kama chenu viko daraja la nne, vikiwahudumia wanachama wake. Kukopesha watu wa nje kama biashara ni kazi ya daraja la pili, inayotaka leseni. Waulizeni maofisa wa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu kabla hamjafungua mdomo sokoni.

Ila kuna jambo katika swali lenyewe limenikera kidogo, dada mweka hazina, na nalisema kwa upendo. Umeandika kwamba riba hurudi mikononi mwa walewale walioilipa. Je, ni kweli? Gawio hufuata hisa, na riba hufuata mikopo. Mwenye hisa nyingi asiyekopa anavuna riba iliyolipwa na mwenye hisa chache anayekopa kila mara. Chukua daftari la mzunguko uliopita, mbele ya kila jina andika riba aliyolipa na gawio alilopata, kisha uangalie.

MwekaHazina_Usharika amejibu:

Asanteni nyote, na shikamoo Katekista. Dada wa Mbagala, nimelisoma jibu lako mara mbili.

Nimefanya hiyo hesabu usiku huu na daftari liko mezani hapa. Walionufaika zaidi ni wale wenye mishahara, ambao hununua hisa za juu kila wiki na hukopa mara chache. Waliolipa riba kubwa kuliko gawio lao ni wengi wao wajane na wauza mboga, na mikopo yao, nikitazama safu ya sababu, imeandikwa “matibabu”, “ada”, “kodi ya chumba”. Mama aliyesimama kikaoni ni mmoja wao. Wanaotaka tukopeshe nje wote wako upande ule mwingine wa daftari, nami nikiwemo katika upande huo.

Kikao kijacho nitapeleka mapendekezo matatu: mikopo ya ugonjwa na ada itoke mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana, bila riba, kwa kikomo tutakachokubaliana, riba ya mikopo ya biashara ishuke hadi asilimia 5, na wauza mboga wanaotaka mikopo wakaribishwe kuwa wanachama kuanzia mzunguko ujao. Najua hili la pili litapingwa, kwa sababu gawio la Desemba litapungua na wengine wameshalipangia matumizi. Katekista, kama una mfano wa kikundi kilichopunguza riba bila wenye hisa kubwa kuondoka, naomba uniandikie kabla ya Jumapili.

Katekista_Mstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Katika kigango nilichohudumia, kikundi kimoja kiliweka kikomo cha hisa ambazo mtu mmoja anaweza kununua kwa wiki, na ndipo kikashusha riba. Wawili waliondoka. Anza na kikomo cha hisa, kipitishwe na kiingie kwenye katiba, kisha uilete hoja ya riba katika kikao kinachofuata, maana ukizileta zote siku moja watahesabu hasara ya Desemba kabla hujamaliza kusoma.