Nani ameyaona mafuta ya Lokichar yakitembea chini ya ardhi?

mwalimu_wa_fizikia: Wadau, hamjambo. Ninafundisha huku Turkana Kusini, si mbali na Ngamia-1, kisima kilichogundua mafuta ya bonde la Lokichar mwaka 2012. Kwenye baraza tulioneshwa picha ya rangi ya kompyuta: maji yanasukumwa kisima hiki, mafuta yanatokea kile. Wanafunzi wa kidato cha tatu wananiuliza nani ameyaona. Niwajibu nini?

jiwe_mchanga: Mwalimu, waambie ukweli: hakuna. Kilichopo ni vipande vya mwamba vilivyotolewa wakati wa kuchimba, vipimo vilivyoshushwa kisimani, na mwangwi wa mawimbi yaliyopigwa ardhini. Sehemu kubwa iliyo kati ya visima hujazwa kwa makadirio. Kisha, ndani ya kompyuta, mwamba hukatwa vijisanduku; hiyo ndiyo modeli. Modeli ya Norne, eneo la mafuta la baharini huko Norway linalotumiwa sana kwa mazoezi na wanafunzi wa fani hii kwa kuwa data yake imeachiwa wazi, ina gridi ya visanduku 46 × 112 × 22. Kila kisanduku hupewa vitundu vyake, shinikizo lake, mafuta na maji yake. Kanuni ya mtiririko unaweza kuifundisha kesho: Henry Darcy aliipima kwa maji na mchanga mwaka 1856. Kasi hufuata tofauti ya shinikizo na wepesi wa mwamba kupitisha, mnato huipunguza.

nta_na_joto: Kwa Lokichar usisahau joto! Mafuta yale yana nta nyingi. Yalipopelekwa Mombasa kwa malori, hadi shehena ya kwanza ikasafirishwa 2019, yalibebwa kwenye matangi yanayotunza joto. Ukisukuma maji baridi ardhini, nta inaweza kuganda ndani ya vitundu kama samli asubuhi ya baridi. Modeli isiyohesabu joto haitaliona hilo.

mwalimu_wa_fizikia: Basi picha ile tuiamini kwa kiasi gani?

jiwe_mchanga: Norne ilianza kutoa mafuta 1997, kwa hiyo modeli hupimwa kwa miaka ya uzalishaji halisi, na bado modeli nyingi tofauti hulingana na historia ileile. Lokichar ina majaribio mafupi tu. Mkioneshwa picha moja kama jibu, dai nyingine: mwamba ukipitisha kidogo kuliko walivyodhani, maji yatafika kisimani lini? Mna haki ya kuyaona majibu yote mawili, maana maji hayo yanatoka kwenu. Wanafunzi wakitaka kujaribu wenyewe, OPM Flow, programu ya kompyuta inayokokotoa mtiririko huo, ni ya bure na inaisoma modeli ya Norne.