Lambo la familia linavuja chini ya tuta: je, nizibe kwa udongo wa mfinyanzi?

Mfugaji wa Singida aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Marehemu baba alijenga lambo shambani kwetu, mkoani Singida, mwaka 1998 kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe, na tangu alipofariki mimi ndiye ninayelisimamia. Tuta ni la udongo mtupu, lina kimo cha mita 5 katikati na urefu wa mita 80 hivi. Tangu mvua za Januari nimeona upande mkavu, karibu kabisa na mwisho wa mteremko, pana sehemu yenye ukubwa wa mkeka iliyoota majani mabichi, na ukiikanyaga maji yanajaa kwenye alama ya mguu. Mkondo mwembamba unatoka hapo na unajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika tatu. Zamani bondeni hapakuwa na mtu, lakini leo kuna kaya saba. Je, nimwage udongo wa mfinyanzi pale na kuushindilia ili pazibe? Niongeze pia kwamba mwaka huu lambo limejaa kuliko miaka yote, kwa sababu tulipanga mifuko ya mchanga kwenye utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji yanayozidi, ili tusipoteze maji.

Fundi wa Mabwawa alijibu:

Ndugu yangu, tafadhali usizibe. Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji kabisa, na ukiyafungia mlango upande wa nje hayatakoma, bali yatapanda ndani ya tuta na kulilainisha, au yatatafuta njia nyingine usiyoiona. Linalopaswa kukuhangaisha ni kama maji hayo yanabeba udongo. Kinga maji hayo kwa chupa inayopenya mwanga, iache itulie usiku kucha, kisha asubuhi tazama kitako chake. Yakiwa safi, endelea kuyapima kwa ndoo ile ile kila siku na kuandika dakika zake pamoja na kimo cha maji lamboni. Yakiwa na tope, ina maana tuta linaliwa kutoka nje kuelekea ndani, na tundu la namna hiyo likishafika upande wa maji hupanuka kwa saa chache tu. Hapo utaweka mchanga msafi usio na udongo, juu yake kokoto, na juu ya kokoto mawe, ili maji yapite na udongo ubaki, huku ukipunguza maji na kuwahamisha walio bondeni.

Hata hivyo, kilichonishtua zaidi ni ile sentensi yako ya mwisho, uliyoiweka kama nyongeza. Utoro ndio unaolinda tuta lako, kwa kuwa maji yakipita juu ya tuta la udongo hulikata kama jembe. Je, mifuko hiyo ina kimo gani, na kutoka sakafu ya utoro ya zamani hadi juu ya tuta ni kiasi gani? Pima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji, kama mafundi wa ujenzi wanavyopimia usawa wa msingi, na upime pale tuta lilipobonyea zaidi.

Mama wa Nakuru alijibu:

Kaka, mimi niko Nakuru, na usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka Solai, katika kaunti hii yetu, likaua watu zaidi ya 40, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Kwa hiyo nakuomba uweke mtu wa kulinda usiku wakati wa mvua, mwenye tochi na namba za simu za kaya zote saba. Angalia pia miti na mashimo. Sisi tulikuwa na mkaratusi juu ya tuta, tukaukata tukidhani tumemaliza kazi, kumbe mizizi ilipooza iliacha mianya, na miaka michache baadaye maji yakaanza kutokea pale pale. Mchwa nao si wa kudharauliwa, kwa maana kenge hupenda kuchimba kwenye vichuguu ili atage mayai.

Mfugaji wa Singida aliandika:

Ahsanteni sana. Maji ya kwenye chupa yalikuwa safi asubuhi. Kutoka sakafu ya utoro hadi sehemu iliyobonyea ni sentimita 85, na mifuko ina kimo cha sentimita 60. Kichuguu kipo kimoja, upande wa kushoto.

Fundi wa Mabwawa alijibu:

Basi umebakiwa na sentimita 25 tu, na mvua moja kubwa ya usiku inaweza kuzimaliza. Ondoa mifuko yote, lakini kwa safu moja kwa siku baada ya kuwaarifu majirani, kwa kuwa maji yakishuka ghafla mteremko wa upande wa maji, ukiwa bado umelowa, unaweza kuporomoka. Pale palipobonyea patajazwa kiangazi kwa udongo wa aina ile ile, ulioshindiliwa kwa tabaka nyembamba. Kichuguu kichimbuliwe wakati huo huo, lambo likiwa na maji kidogo, wala usikiguse sasa. Pia nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo iko hapo hapo Singida, uulize kama baba aliacha kibali, na uombe mhandisi aje aone.

Mfugaji wa Singida aliandika:

Tumeondoa safu ya tatu leo, nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Ndoo sasa inajaa kwa dakika tano na nusu. Mke wangu analalamikia maji ya bustani, nami nimemwonyesha nyumba zilizo chini. Jumatatu nitakwenda kwenye ofisi ya Bodi nikiwa na daftari la vipimo.