Tamasha la Kala Ghoda, Mumbai: siku nne na bi mkubwa, tutembee vipi na tule wapi?

Bint_Chumbageni (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Mimi na bi mkubwa tutakuwa Mumbai kipindi cha tamasha la sanaa la Kala Ghoda. Tuna siku nne kabla ya miadi yake ya hospitali. Magoti yake hayataki mwendo mrefu wala ngazi, ana sukari, na tunakula halali. Bajia, kachori na biriani tunavyo huku nyumbani, kwa hiyo tunatafuta vyakula vya mikoa ambavyo havijavuka bahari. Naomba mpangilio wa siku, usafiri, na sehemu za kula zilizo karibu na tamasha. Nawasilisha.

Mzee_wa_Stesheni

Dada, kabla ya chakula, shika haya. Tamasha ni la siku tisa, linaanza Jumamosi na kufungwa Jumapili ya wiki inayofuata. Tangu mwaka 1999 lilizoeleka kuwa la Februari, lakini miaka ya karibuni limekuwa likiangukia Januari: 2024 lilikuwa tarehe 20 hadi 28 Januari, na 2025 lilianza tarehe 25 Januari. Usikate tiketi ya ndege kwa kufuata makala ya zamani ya utalii. Subiri waandaaji watangaze.

Viza: kama hospitali imeshatoa barua, muombee mama viza ya matibabu na wewe ya msindikiza mgonjwa. Zote zinaombwa mtandaoni, na hazikuzuii kwenda kwenye maonyesho.

Kadi ya njano: India wanakagua cheti cha homa ya manjano kwa yeyote anayetoka au aliyepita nchi zilizo kwenye orodha yao, na Kenya na Uganda zimo. Ukiunganisha ndege Nairobi, kuwa nayo mkononi, siyo kwenye begi lililopakiwa. Chanjo lazima iwe na siku 10 kabla ya kusafiri. Ukikosa cheti unawekwa karantini hadi siku sita, na hapo tamasha lote limekupita.

Ngazi_Mbili

Nitajibu la kutembea.

Kala Ghoda ni eneo dogo kusini mwa Mumbai, kati ya Fort na Colaba. Sanamu na kazi kubwa za sanaa hupangwa barabarani, K. Dubash Marg (wenyeji wengi bado wanaita Rampart Row), pamoja na vibanda vya kazi za mikono. Jehangir Art Gallery iko papo hapo, haina kiingilio, na inafunguliwa saa 5 asubuhi hadi saa 1 jioni. Mbele yake kidogo kuna bustani ya maktaba ya David Sassoon, ambako kwa kawaida hufanyika mazungumzo ya vitabu. Ng'ambo kuna makumbusho ya CSMVS na jumba la taifa la sanaa ya kisasa, NGMA. Haya mawili yana kiingilio, na mgeni hulipa zaidi ya raia. NGMA hufungwa Jumatatu. Majukwaa ya muziki na dansi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo angalia ratiba ya mwaka wako.

Kwa magoti ya mama, sheria ni moja: njooni siku za kazi, asubuhi. Kuanzia saa 4 hadi saa 6 mchana barabara inapitika na unaweza kusimama mbele ya kazi ya sanaa ukaisoma maelezo. Wikiendi jioni ni mabega kwa mabega, polisi wanaweka vizuizi, njia inakuwa ya upande mmoja, na ukishaingia kwenye foleni hutoki mpaka mwisho wake. Hakuna pa kukaa. Beba kiti cha kukunja chepesi au mpange mapumziko ndani ya CSMVS, kwenye kivuli.

Maonyesho ni bure lakini viti havikatiwi namba. Kwa onyesho la ndani fikeni mapema, nusu saa hivi kabla. Matembezi ya urithi na warsha huhitaji kujiandikisha na nafasi huisha haraka. Yale matembezi mwachie mama apumzike, maana ni kusimama na kutembea mwanzo mwisho.

Pweza_Mkavu

Napingana kidogo na Ngazi_Mbili. Asubuhi ya siku za kazi ni nzuri kwa sanaa za kuona tu. Dansi na muziki viko jioni, na mtu aliyefika Mumbai akakosa onyesho hata moja la jioni amekosa nusu ya tamasha. Chagueni jioni moja, Jumanne au Jumatano, mkae mwanzo hadi mwisho. Mkitoka saa 4 usiku msongamano wa ofisini umeshapungua.

Mzee_wa_Stesheni

Kweli, na hapo usafiri ndio unaamua. Treni za mitaa zinajaa vibaya saa 2 hadi saa 5 asubuhi kuelekea kusini, na saa 11 jioni hadi saa 3 usiku kurudi kaskazini. Usimpandishe mama muda huo hata kwenye behewa la wanawake.

Njia ya metro namba 3, ambayo tangu Oktoba 2025 inafika hadi Cuffe Parade, imerahisisha mambo. Unapanda uwanja wa ndege, kituo cha T2, unashuka Hutatma Chowk chini ya saa moja. Ina lifti. Kutoka hapo hadi Jehangir ni mwendo mfupi. Kutoka stesheni ya Churchgate ni kama kilomita moja, kwa hiyo mama achukue teksi nyeusi yenye paa la njano. Nauli ya chini mwaka 2025 ilikuwa rupia 31, na dereva awashe mita. Bajaji msizitafute, kwa sababu haziruhusiwi kusini mwa jiji.

TuiZito

Sasa chakula. Watu wengi hukosea kusubiri usiku, au kula kwenye vibanda vya tamasha. Chakula cha mikoa eneo la Fort kinapikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ofisi na mahakama, kwa hiyo ni cha mchana: saa 6 hadi saa 9. Ukifika saa 9 na nusu unapata mabaki. Saa 7 kamili unapata foleni. Ingieni saa 6 na robo, mkitoka moja kwa moja kwenye maonyesho.

Suala la halali linarahisishwa na samaki, na pwani ya magharibi ya India ina mapishi mawili msiyachanganye.

La kwanza ni la Mangalore, kutoka Karnataka. Gassi ni mchuzi wa nazi iliyosagwa pamoja na pilipili kavu na mbegu za giligilani zilizokaangwa. Huliwa na neer dosa, ambazo ziko karibu na vibibi vyetu ila hazina hamira wala sukari. Trishna iko Kala Ghoda penyewe, na Mahesh Lunch Home iko Fort. Trishna wanasifika kwa kaa wa siagi na kitunguu saumu. Kaa anauzwa kwa uzito na menyu huandika "bei ya soko". Muulize mhudumu bei ya kaa mzima, siyo ya kilo, na umuulize kabla hajapelekwa jikoni. Ukweli ni kwamba yule kaa ni siagi zaidi kuliko Mangalore. Pesa yangu ningeiweka kwenye gassi.

La pili ni la Malvani, pwani ya Konkan. Agizeni sahani kamili, yaani thali ya samaki: kipande cha kukaanga, mchuzi, mkate wa unga wa mchele au mtama uitwao bhakri, wali, na kikombe cha solkadhi, kinywaji cha waridi cha tui na kokum, tunda chachu. Bhakri na mchuzi kwanza, wali baadaye, solkadhi mwisho. Jaribuni bombil wa kukaanga. Ni samaki laini mwenye maji mengi, kwa hiyo hupasuliwa, hukandamizwa chini ya kitu kizito maji yatoke, kisha hupakwa semolina. Akifika mezani mle hapo hapo. Akikaa dakika kumi, maji yaliyobaki ndani hulowesha ganda na linabanduka kama ngozi. Akija tayari amelegea, alikandamizwa kwa haraka au alikaangwa mapema, mrudisheni. Chaitanya ya Dadar inapika Malvani halisi, ila ni safari, siyo jirani na tamasha.

Bint_Chumbageni

Shukrani sana wakuu, hili la mchana sikulijua. Je, thali za Kigujarati na vyakula vya Waparsi (Wahindi wenye asili ya Iran) vinafaa kwa mwenye sukari? Na nyama kwa Waparsi ikoje?

Bi_Farsani

Mwanangu, mmebahatika na msimu. Januari na Februari ni wakati wa undhiyu, chakula cha majira ya baridi cha Surat, Gujarat: maharage ya kijani ya papdi, viazi vikuu vya zambarau, bilinganya ndogo, ndizi mbichi, na vidonge vya unga wa dengu na majani ya uwatu, vyote vikiivishwa taratibu na majani mabichi ya kitunguu saumu. Papdi nzuri na yale majani ya saumu hupatikana majira ya baridi, ndiyo maana miezi mingine hamtaikuta au mtaikuta ya friza.

Thali ya Kigujarati haina mwisho. Wahudumu wanazunguka na ndoo ndogo na kumimina bila kuuliza. Ukifunika bakuli kwa kiganja, wanaelewa. Mgeni hushiba kwa puri na vitafunwa vya mwanzo, mboga zenyewe zikija hana nafasi. Muombeni phulka, chapati nyembamba isiyo na mafuta, badala ya puri.

Kuhusu sukari, hapa awe macho. Dali ya Kigujarati ina sukari guru ndani, kadhi, mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, nayo mara nyingi ina sukari, na vitamu huletwa pamoja na chakula, siyo baada yake. Kwa hiyo mama asipime kwa macho kwamba "sijala kitamu". Achukue mboga kavu, phulka mbili na chaas, maziwa ya mgando yaliyotiwa maji na chumvi. Undhiyu yenyewe ni nzito kwa mafuta na viazi, vijiko vichache vinatosha kuijua.

Shree Thaker Bhojanalay, Kalbadevi, ndiyo yenye jina kubwa, ila iko ghorofani na ngazi zake hazina huruma. Nendeni Samrat, karibu na stesheni ya Churchgate, teksi inawashusha hapo hapo. Zote ni za mboga tupu, kwa hiyo suala la nyama halipo.

Ngazi_Mbili

Kwa Waparsi: Britannia, Ballard Estate, ni ya mchana tu. Jina lake limejengwa na pilau ya zereshki, zile beri nyekundu chachu za Iran. Ulizeni kwanza kuhusu kuku na mbuzi, au chukueni ya mboga. Kama mkahawa wowote wa Kiparsi una patra ni machhi, hiyo haina maswali: samaki anapakwa chatne ya nazi, giligilani na pilipili mbichi, anafungwa kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Mafuta karibu hakuna, inamfaa mama. Dhansak, dali na nyama, ni mlo wa Jumapili majumbani na humlaza mtu usingizi. Msiile kabla ya maonyesho.

Nyama ya halali bila kuulizana: Mohammed Ali Road na Bhendi Bazaar. Noor Mohammadi kwa nihari, mchuzi wa nyama iliyopikwa taratibu. Ni kama dakika 15 kwa teksi njia ikiwa wazi, na jioni haiwi wazi.

Pweza_Mkavu

Mambo madogo yanayoharibu safari:

Vibanda vingi vinapokea malipo kwa kuskani simu, na mfumo wenyewe unahitaji akaunti ya India au pochi maalumu ya wageni. Bebeni noti za rupia 10, 20, 50 na 100. Noti ya 500 kwa vada pav ya mtaani (mkate wenye kitumbua cha viazi cha kukaanga) itawakwamisha.

Pani puri, vile vipuri vinavyojazwa maji ya viungo, kuleni pale tu mnapoona maji yake yanachanganywa kutoka kwenye chupa au mtungi uliofungwa. Chatne mbichi na barafu za barabarani acheni, hasa kabla ya miadi ya hospitali. Vada pav ni salama zaidi kwa kuwa inatoka kwenye mafuta ya moto. Simama uone kinachotolewa karaini, usichukue kilichopangwa pembeni.

Kwenye vyakula vya pakiti, alama ya kijani ni mboga tupu, ya kahawia ina nyama au mayai.

Bint_Chumbageni

Mmenimaliza wakuu. La mwisho: hiyo solkadhi inaweza kutengenezwa huku? Nazi tunazo.

TuiZito

Inawezekana, kinachotafutwa ni kokum tu. Nunueni maganda makavu meusi yenye chumvi, wenyeji wanayaita amsul, kwenye maduka ya viungo. Msichukue sharubati ya kokum, ile imetiwa sukari na solkadhi haitakuja. Ipo pia agal, maji mazito ya kokum yasiyo na sukari, ila ni ya chupa na inaenda kwenye begi la kupakiwa.

Kwa watu wanne: maganda 12 hadi 15 yalowekwe kwenye glasi moja ya maji ya vuguvugu dakika 30, uyaminye, uchuje. Ikune nazi moja, uisage na punje moja ya kitunguu saumu na nusu ya pilipili mbichi, ukamue tui glasi mbili. Changanya vikiwa baridi vyote viwili, mimina kokum kidogo kidogo ukionja, mpaka rangi iwe waridi iliyokolea. Chumvi weka mwisho, kwa sababu maganda yana yake. Giligilani juu.

Isiguse moto kamwe, tui litakatika kwa uchachu. Hata ikiwa baridi hujitenga ikikaa, koroga tena na uinywe siku hiyo hiyo. Tui la pakiti linafaa ukilipunguza na maji kiasi sawa, ila soma pakiti uhakikishe halijatiwa sukari.